Usiivishe kompyuta mapambo isiyoweza kuyabeba

Je, msomaji, umewahi kupanda ile matatu iliyopambwa ikapambika? Picha za wanamuziki ubavuni, taa za buluu chini ya viti, spika zinazotetemesha kifua, runinga juu ya kichwa cha dereva. Zamani magari hayo tuliyaita manyanga. Vijana wa leo huyaita nganya. Hakuna anayekataa kwamba yanavutia. Lakini gari likifika penye mwinuko likaanza kuguna, huku waendao kwa miguu wakilipita, ndipo abiria hukumbuka kwamba alilipa nauli ili afike nyumbani.

Niliikumbuka matatu ya namna hiyo kwa sababu ya kompyuta ya dada yangu. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Alinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zinazotoka katika ofisi za Ulaya, ili achapie mitihani yake na ili mwanawe, aliyekuwa akingoja kuingia chuo kikuu, apate ya kujifunzia. Mpwa wangu naye, kwa akiba yake mwenyewe, akaitia kadi ya grafiki, yaani kile kipande kinachochora picha za michezo kwenye skrini. Mambo yakaenda vyema kwa miezi kadhaa.

Kisha dada akanipigia simu. "Ile kompyuta imeharibika. Inakwamakwama na inanguruma kama kinu cha posho. Fundi anasema kadi haifai, inunuliwe kubwa zaidi." Bei aliyotajiwa ingemega kipande kikubwa cha karo iliyokuwa imewekwa benki. Nikamsihi asitoe hata shilingi mpaka nifike.

Nilipofika niligundua kwamba hakuna kilichoharibika. Mpwa alikuwa ameupamba mchezo wake.

Huenda wewe ni mzazi na hujui ninazungumzia nini. Mchezo wenyewe unaitwa Skyrim. Ulitolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mnamo Novemba 11, 2011, na ungali na wapenzi wengi. Mchezaji huzunguka katika nchi ya kubuni yenye milima ya theluji, misitu, mito na majoka yatemayo moto. Sababu moja kubwa ya mchezo huu kudumu ni kwamba Bethesda iliwapa wachezaji zana za kuubadilisha, nao wachezaji, wengi wao bila kulipwa, wakatengeneza maelfu ya nyongeza ziitwazo modi. Ziko za kuongeza silaha, hadithi na wanyama. Lakini zinazowatia vijana wazimu ni zile za sura: jiwe lionekane jiwe, maji yang'ae, jua lizame kwa madaha.

Nami siwalaumu. Skyrim ilizaliwa imebanwa. Ilibidi iweze kuchezwa kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, mashine ambazo kila moja ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512 tu kwa kazi zote. Kwa hivyo picha nyingi zilizofunika kuta na miamba zilifanywa ndogo, na ukizisogelea unaona ukungu mtupu. Mnamo Februari 2012 Bethesda yenyewe ilitoa picha kubwa zaidi bila malipo kwa wenye kompyuta. Oktoba 2016 likaja toleo jipya, Special Edition, lililoweza kutumia kumbukumbu nyingi zaidi kuliko lile la awali, ambalo halingeweza kupita gigabaiti 4. Basi mlango ukafunguka, na kila mwenye modi akaingia nayo.

Mpwa wangu alikuwa ametia modi zaidi ya 100 katika wiki mbili. Nilimwuliza ni ipi iliyoanza kuuzorotesha mchezo. Akakuna kichwa.

"Sijui, mjomba. Nilizitia kwa mafungu."

Hapo ndipo penye kosa, na ndilo kosa la wengi.

Muda ni mfupi kuliko unavyodhani

Picha inayosonga kwenye skrini ni mfululizo wa picha zisizosonga, ziitwazo fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 za kuchora kila moja. Ukiridhika na 30, ina milisekunde 33.3. Huo ndio mshahara wake, haupati nyongeza. Kila modi unayoitia huukata mshahara huo: nyasi huchukua kiasi, vivuli kiasi, mwanga wa jua kupenya mitini kiasi. Modi moja peke yake hailemei sana. Zikikusanyika mia moja, kompyuta inashindwa kumaliza kazi kwa wakati, na fremu inachelewa.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Nambari ya fremu inayoonyeshwa pembeni mwa skrini ni wastani, na wastani ni mwongo. Chukua sekunde moja ambamo fremu 50 zimechorwa kwa milisekunde 16 kila moja, kisha fremu moja ikachukua milisekunde 200. Hesabu inatimia, sekunde moja kamili, fremu 51. Kijana ataona 51 na kujisifu. Lakini jicho lake limeona mchezo ukiganda kwa moja ya tano ya sekunde, na joka limeshamrarua. Ndiyo maana mchezo unaokwenda kwa fremu 30 bila kuyumba hupendeza kuliko ule unaoruka kati ya 25 na 55.

Na ukisema basi nitafute 100, kwa Skyrim ngoja kwanza. Mitambo ya mchezo huu inayokadiria vitu vinavyoanguka na kugongana imefungamanishwa na idadi ya fremu. Ukipita 60 bila kufanya marekebisho, vyombo mezani huanza kuruka vyenyewe, na lile gari la farasi mwanzoni mwa mchezo laweza kurukaruka kana kwamba limepagawa. Weka kikomo cha 60. Kama mashine yako haifiki huko kwa uthabiti, weka 30 na uishi kwa amani.

Pipa la megabaiti 42

Kukwama kwa kompyuta ya dada hakukutokana na muda peke yake. Kulitokana zaidi na kumbukumbu ya kadi, na hapa naomba univumilie kwa hesabu kidogo, kwani ndiyo iliyookoa karo.

Kila kitu ndani ya mchezo ni umbo tupu lililovishwa picha, kama kochi linavyovishwa kitambaa. Picha hiyo huitwa tekscha. Watengenezaji wa modi huitoa kwa vipimo: 1K, 2K, 4K. Ya 1K ina pikseli 1,024 kwa kila upande, ya 2K ina 2,048, ya 4K ina 4,096. Kijana anaona 1, 2, 4 na kudhani kwamba 4K ni nzito mara nne ya 1K. La. Upande ukiongezeka maradufu, eneo huongezeka mara nne. Kwa hivyo 4K ni nzito mara 16 ya 1K.

Tekscha ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 16. Hata ikibanwa vizuri, pikseli moja kwa baiti moja, ni megabaiti 16. Ukiongeza nakala zake ndogo ambazo mchezo hutumia kitu kikiwa mbali, inafika takriban megabaiti 21. Na aghalabu kitu kimoja huvaa tekscha mbili, moja ya rangi na nyingine ya kuonyesha mabonde na matuta ya uso wake. Hizo ni megabaiti 42. Vitu 50 vya namna hiyo ni zaidi ya gigabaiti 2.

Kadi ya mpwa wangu ilikuwa na gigabaiti 2 tu. Naye alikuwa ameyavisha 4K mapipa, vikapu, ndoo, vijiko na hata kabichi!

Kadi ikijaa, mzigo unaobaki hupelekwa katika kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta, na kila unapohitajika huvutwa kupitia njia iliyo na kasi ndogo zaidi. Unageuza kichwa sokoni, kompyuta inakimbia kuleta vikapu, mchezo unaganda. Haikuwa kadi mbovu hata kidogo. Ilikuwa kadi ndogo iliyobebeshwa gunia la kabichi.

Jiulize pia ni nani atakayeiona hiyo 4K. Skrini ya dada ina pikseli 1,920 kwa upana. Pipa likichukua sehemu moja ya kumi ya upana huo, linaonyeshwa kwa pikseli 192. Hizo 4,096 ulizolivisha zinaonekana wapi?

Si kwamba napinga picha kubwa. Mlima unaoupanda kwa mikono na miguu, ardhi unayokanyaga tangu asubuhi hadi jioni ya mchezo, ukuta wa mji, uso wa mtu unayezungumza naye ana kwa ana: hivyo hujaza skrini na hustahili 2K, na mwenye kadi kubwa ajitanue. Pipa, ndoo na kabichi, 1K inawatosha, tena inawatosha sana. Tulipoketi na mpwa wangu tukabadilisha vitu vidogo vyote kutoka 4K hadi 1K, kisha tukatazama sokoni, yeye mwenyewe alishindwa kuonyesha tofauti. Jambo jingine la kumfurahisha mzazi: faili za 1K na 2K ni ndogo mno kuzipakua, na bando la intaneti halikauki katikati ya wiki.

Walao sana ni wachache

Tekscha zilipotengenea, mchezo uliacha kuganda lakini ulikuwa ungali mzito. Tukatoa modi zote za sura zilizobaki, tukaanza upya, moja baada ya nyingine. Kazi hii huchosha, sikufichi. Lakini hakuna njia ya mkato iliyo ya kweli.

Kwanza chagua mahali pa kupimia, na usipabadilishe. Sisi tulichagua pawili: njia inayotoka kijiji cha Riverwood kuelekea mji wa Whiterun, ambako kuna miti, maji na nyasi, na zile ngazi za jumba la Dragonsreach, ambapo ukisimama unauona mji mzima chini yako. Ndani ya nyumba kila kompyuta ni hodari, kwa hivyo usipimie huko. Fremu huhesabiwa na programu ya Steam yenyewe ukiiruhusu, na kumbukumbu ya kadi huonekana katika Task Manager ya Windows. Yote hayo ni bure. Andika nambari kwenye daftari. Tia modi moja, tembea njia ileile saa ileile ya mchezo, andika tena.

Baada ya jioni mbili daftari letu lilikuwa limejaa, nalo lilitupa habari ambayo sikuitarajia kwa kiasi kile. Modi nyingi hazikula chochote cha kutajika. Rangi mpya za anga, mawingu, nyota, nyuso za watu, maji, zote hizo zilipita kwa senti. Waliokuwa wakila nyama yote ya chungu walikuwa watatu.

Wa kwanza ni nyasi. Modi za nyasi ni nzuri kupindukia, lakini kila jani ni umbo la kuchorwa, na majani ni maelfu. Kuna faili ya mipangilio iitwayo Skyrim.ini, na ndani yake mstari wa iMinGrassSize. Nambari yake imekaa kinyume na akili: ukiiongeza, nyasi hupungua. Ipandishe kidogo kidogo mpaka mchezo upumue. Jicho halihesabu majani.

Wa pili ni vivuli. Mchezo huchora kivuli kwenye ramani yake, na ukubwa wa ramani hiyo umeandikwa katika SkyrimPrefs.ini kwa jina la iShadowMapResolution. Iliyosoma somo la tekscha imeshaelewa: kutoka 4096 hadi 2048 unapunguza kazi mara nne. Kando za vivuli zinalegea kidogo. Punguza pia umbali ambao vivuli huchorwa. Kivuli cha mti ulio upande wa pili wa bonde hakimsaidii mtu.

Wa tatu ni ENB, na huyu ndiye mkubwa wao. ENBSeries ni programu inayojiingiza kati ya mchezo na kadi, ikaongeza kiza laini kwenye pembe, ukungu wa lenzi kwa vitu vya mbali, miali ya jua na kadhalika. Ndiyo inayotoa zile picha zinazowafanya vijana wameze mate. Tatizo ni kwamba picha hizo ni tuli. Aliyeipiga huenda alikuwa akicheza kwa fremu 15 na hakujali, kwani picha moja haina mwendo. Usinunue suti kwa kumtazama sanamu wa dirishani.

Kazi nyingi za ENB hufanywa kwa kila pikseli ya skrini, kwa hivyo hapo pana mlango wa nyuma. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Ukicheza kwa 1366 kwa 768, zinashuka hadi takriban milioni 1.05, karibu nusu. Picha inalainika, lakini kadi inapata pumzi. Njia nyingine ni kuzima ndani ya ENB yale mawili yalayo zaidi, kile kiza cha pembeni na ukungu wa lenzi, na kubaki na rangi peke yake. Mpwa alilalamika kwamba bila ukungu wa lenzi si ENB. Nikamwambia macho yake yana lenzi tayari.

Mwishoni tuliiondoa ENB kabisa, tukaacha modi ya hewa na rangi, tekscha za 2K kwa ardhi na milima, na nyasi za wastani. Pale kwenye ngazi za Dragonsreach, mahali ambapo tulikuwa tumeandika fremu 19 zinazoyumba, tukaandika 44 zilizotulia.

Wenye laptopu mnisikilize

Wanafunzi wengi hawana kadi ya peke yake. Laptopu zao huchora kwa kutumia sehemu ya prosesa, na kumbukumbu ni ileile RAM inayogawanywa na kila kitu. Hapo usiguse 4K wala ENB; hata 2K uihurumie. Lakini chunguza jambo moja: kama laptopu ina kijiti kimoja cha RAM na nafasi ya pili iko tupu, kuongeza kijiti cha pili hufungua njia mbili za kupitisha data, na aina hii ya mashine hufaidika waziwazi kwenye michezo. Ni nafuu mno kuliko mashine mpya.

Joto nalo ni adui, hasa kwa walioko Mombasa na Kisumu. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mchezo uliokwenda vizuri kwa dakika 10 unaanza kuburura miguu. Usiiweke laptopu juu ya godoro. Mtu mwenye ujuzi aitoe vumbi kwenye feni. Ule mngurumo wa kinu cha posho ulipungua nusu tulipoifungua ile ya dada, na vumbi tulilotoa lilitosha kupandia sukuma wiki.

Kwa wachezaji wa Minecraft, habari ni njema zaidi. Huko ziko modi kama Sodium ambazo kazi yake ni kuufanya mchezo uwe mwepesi. Anza na hizo kabla ya kutamani zile za mwanga na vivuli.

Na kuhusu kadi mpya, dada aliniuliza swali la maana: "Kwani tukinunua, hatutakuwa tumemaliza?" Tusingemaliza. Kadi ndogo kama ya mpwa hula umeme wa nafasi ilipochomekwa, usiozidi wati 75. Kadi kubwa huhitaji zaidi, na kompyuta nyingi za ofisi zina pawa saplai ndogo ambayo wakati mwingine ina soketi zisizo za kawaida. Fundi hakulitaja hilo. Ungelipa kadi, kisha ukaitwa tena ulipe la pili.

Limebaki jambo moja ambalo laweza kumliza kijana kuliko fremu zote. Modi ya tekscha unaweza kuitia na kuitoa bila madhara kwa safari uliyohifadhi. Lakini modi iliyoongeza watu, majumba au maagizo ya programu ndani ya mchezo, ukiing'oa katikati ya safari, yaweza kuiharibu isifunguke tena. Nakili faili za safari yako kwenye flashi kabla ya kugusa lolote. Na utumie programu ya kupangia modi, mathalani Mod Organizer 2 au Vortex, badala ya kumwaga faili ndani ya folda ya mchezo kwa mkono. Mod Organizer huziweka kando, kila moja katika folda yake, na kuizima ni kuondoa alama tu. Mpwa wangu alikuwa amezimwaga kwa mkono. Kuzichambua kulituchukua Jumamosi nzima.

Jioni ile tulisimama tena kwenye ngazi, jua la Skyrim likizama nyuma ya milima, majani yakipepea polepole bila kukwama. Mpwa akageuza kichwa huku na huko kama mtu anayejaribu miwani mipya.

"Mjomba, naweza kurudisha ile modi ya nyasi? Moja tu?"

"Irudishe," nikamjibu, "lakini lete daftari."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na karatasi za mtihani wa darasa la sita mkononi. Alitutazama sisi wawili, akaitazama saa ya ukutani.

"Mkishamaliza kutazama jua," akasema, "mniachie kiti."